Neno Lile Juu ya Makaburi ya Mseto

Hadithi za watu wengine huanza kwa kuuita uongo uje. Yangu haina haja hiyo. Katika Jamhuri ya Heko uongo hauitwi. Hufika mapema, ukakaa kiti cha mbele, ukapewa maji ya chupa.

Naitwa Ndimbo Kasale, Msenye, mwananchi mtiifu. Afande aliyeniketisha kwenye dawati hili la kituo cha polisi amenipa karatasi na kalamu, akaniagiza nieleze jinsi neno lile lilivyotamkwa juu ya kilima cha Mseto, mbele ya redio ya taifa, na aliyelitamka ni nani. Ameniagiza pia nisiliandike neno lenyewe, kwa sababu kuliandika ni kosa lilelile. Nitajitahidi. Asiyelijua alifikirie hivi: ni neno la herufi nne ambalo mpishi hukujibu unapomuuliza kama wali umeiva, na wali haujaiva.

Neno hilo lilipigwa marufuku mwaka ule Mlezi Mkuu wa Taifa alipotangaza kwamba nchi yetu imefika. Imefika wapi hakusema, wala hakuna aliyemuuliza. Neno "Tumefika" likachorwa kwenye mabasi, kwenye kuta za zahanati, na kwenye magunia ya unga, hata yale yasiyo na unga ndani. Sasa nchi iliyofika haiwezi kuvumilia neno lile. Wizara ya Ardhi, Tija na Tabasamu ikatoa waraka. Tangu hapo mwalimu akiwauliza wanafunzi kama wamemaliza hesabu, wanajibu, "Tunamalizia kwa kasi." Binti akiulizwa na shangazi zake kama ameolewa, anajibu, "Mchakato unaendelea." Mama ntilie akikupakulia wali mbichi anakuambia umeiva kimaendeleo, na wewe unautafuna kimaendeleo, ukashukuru, ukaenda zako.

Tukazoea. Binadamu hata shubiri huizoea akilazimishwa.

*

Kabla sijafika kwenye kosa, lazima nieleze Mseto, maana Afande ni mtu wa mjini.

Kilima hicho kiko mpakani, kati yetu sisi Wasenye na Walumba wa ng'ambo ya mto. Walumba ni watu wema, ila wana ubahili. Nzi akitumbukia kwenye asali ya Mlumba, Mlumba humlamba kwanza ndipo amwachie aruke. Afande asinielewe vibaya: hili si tusi, ni utani, na kila mtoto wa Kisenye hunyonya maneno hayo pamoja na maziwa ya mama yake. Hakuna kabila jingine lenye haki ya kuyasema. Wao nao hudai kwamba Msenye akialikwa harusini hubeba sufuria, na akialikwa msibani hubeba mbili. Huo ni uzushi mtupu.

Zamani babu zetu na babu zao walipigania mizinga ya nyuki. Walipigana pale kilimani mpaka nyuki wenyewe wakahama, na hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna tena cha kupigania. Wakarudi kuzika. Lakini mvua zilikuwa zimepita, na fisi walikuwa wamepita, na hakuna aliyeweza kusema mfupa huu ni wa Mlumba au wa Msenye. Wakazika mchanganyiko, mchele na choroko, ndiyo maana pakaitwa Mseto. Na kwa kuwa hakuna upande uliojua unamlilia nani, wakaapa kwamba tangu siku ile watapigana kwa mdomo tu. Mlumba atazikwa na Wasenye, Msenye atazikwa na Walumba, na wote watalala hapohapo.

Kwa hiyo kwetu mwenye kaburi ni mtani. Akifa Mlumba, Msenye mmoja hushuka kaburini kwanza, akalala humo kulijaribu, akalalamika kwamba limebana, kwamba lina baridi, kwamba wenyeji wamebania hata udongo. Mfiwa humuuliza, "Mtani, umeridhika?" Naye hujibu neno lile. Anaulizwa tena, anajibu lilelile, huku waombolezaji wakicheka na machozi yakiwatoka. Ni mpaka abembelezwe kwa jogoo ndipo aseme ameridhika, na udongo ufukiwe. Mtani asiporidhika, kaburi halifungwi. Na likishafungwa, halifunguliwi mpaka yeye aridhie. Waraka wa Wizara haukulijua jambo hili, na sisi kwa heshima hatukuukumbusha.

Mimi nimelala katika makaburi mengi, maana nina kipaji. Moja tu ndilo lililonishinda. Lilikuwa la Chausiku, binti wa Bi Sikudhani, yule Mlumba muuza vitumbua. Mtoto alikufa kwa surua akiwa hajaanza shule. Niliposhuka kaburini, miguu yangu ikabaki nje. Nikasema kwa sauti kwamba Walumba kweli mabahili, wamechimba nusu kaburi. Bi Sikudhani akacheka, na katikati ya kucheka akaikumbatia miguu yangu ile iliyobaki nje, akalia. Siku ile nilipoulizwa kama nimeridhika nilijibu neno lile mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na haikuwa kwa sababu ya jogoo. Sikutaka udongo uingie mle. Juu ya kaburi mama yake aliweka bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, ambalo mtoto alikuwa akinywea uji, na mpaka leo huja kulipangusa kwa upindo wa khanga yake.

*

Balaa lilianzia kwenye kidole.

Mlezi Mkuu alikuwa akipita angani kwa helikopta, akienda kuzindua kisima alichokwisha kukizindua mwaka uliotangulia. Alipokuwa juu ya Mseto alinyoosha kidole dirishani. Hakusema kitu. Wasaidizi wake wakatazama kidole, wakatazama kilima, wakaingiwa na hofu, maana kidole cha Mlezi Mkuu ni agizo, na agizo lisilotekelezwa ni uhaini. Ikaundwa Kamati ya Tafsiri ya Kidole, yenye maprofesa wa lugha, wa mifupa na wa upepo. Wachache walisema kwamba Mheshimiwa alikuwa akifukuza nzi. Hao walipewa uhamisho wa kwenda kusimamia mawe ya mpakani. Waliobaki wakakubaliana kwa kauli moja kwamba kidole kiliagiza kujengwe Mnara wa Historia, pamoja na uwanja wa kutua helikopta, ili Mlezi Mkuu aweze kushuka na kuisoma historia bila kutembea kwa miguu.

Tatizo lilikuwa dogo tu: mahali pa kujenga Mnara wa Historia palikuwa na historia. Kamati ikapendekeza iondolewe.

Mtendaji wa kijiji akapanda kilimani na ndoo ya gundi, akabandika tangazo kwenye kila kaburi: "Mkaazi, unatakiwa kuhama kwa hiari. Usipofika ofisini kuwasilisha pingamizi kwa mdomo wako mwenyewe, itahesabika umeridhia." Alibandika mpaka kwenye kaburi la baba yake mzazi. Waliomwona wanasema alilisawazisha lile tangazo kwa kiganja, polepole, karatasi isije ikajikunja, kisha akakaa chini. Bi Sikudhani alimfuata nyuma na kijiko cha kugeuzia vitumbua, akiyakwangua moja baada ya jingine. Mtendaji alimwona, lakini aliendelea kubandika na mama akaendelea kukwangua.

Tukafanya kila kitu kwa kufuata taratibu, maana sisi ni watu wa amani. Walumba na Wasenye tulichagua wajumbe, tukaenda Wizarani. Ofisa mmoja mwenye sauti ya upole alituuliza kama tuna uthibitisho kwamba makaburi yale ni ya kihistoria. Tukamsimulia vita vya nyuki. Akasema simulizi haitoshi. Historia isiyosajiliwa ni uvumi. Tungehitaji mashahidi walioviona vita kwa macho yao. Bi Sikudhani akamwambia kwamba mashahidi wote wako Mseto.

"Waleteni," akasema ofisa.

Akaongeza kwamba wakaazi wa Mseto wanafahamika sana serikalini. Hawajakosa kupiga kura katika uchaguzi hata mmoja, na hawajawahi kulalamika. Ilimshangaza kwamba sisi tulio hai tuwasemee watu walioridhika kiasi hicho.

Tukarudi, tukayafyeka makaburi ili yaonekane yana wenyewe. Tukapigwa faini kwa kufyeka nyasi za serikali. Tukapanda minyaa kuzunguka kilima kuwa uzio. Tukaandikiwa onyo kwa kupendezesha eneo bila kibali. Niliona wazi kwamba mtu akifuata taratibu za Heko mpaka mwisho, atajikuta amechimbiwa shimo na taratibu hizohizo.

Siku moja Bi Sikudhani akavuka mto, akaja kwangu. Alinikuta nikila, hakukaribia chakula, nikajua jambo ni zito.

"Mtani, nimekuja kukuomba," akasema.

Nikamwambia Mlumba hajawahi kuvuka mto kwa sababu nyingine.

"Nakuomba ukalale tena."

"Wapi?"

"Juu ya mwanangu. Safari hii miguu ikibaki nje hakuna neno."

Nikanawa mikono, nikaenda kuwaambia Wasenye wenzangu.

*

Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, zulia jekundu lililopitishwa katikati ya makaburi, bendi ya shaba, trekta lenye sepeto mbele, na redio ya taifa ikirusha matangazo moja kwa moja, kwa kuwa Mlezi Mkuu husikiliza redio akinywa chai. Palikuwa pia na Kamanda wa polisi na karandinga lake, mwenye amri ya kumkamata yeyote atakayetamka neno lile.

Sisi tulikuja tumevaa kama watani wavaavyo msibani. Wanaume walijifunga khanga, wanawake walivaa makoti nyuma mbele, na kila Msenye alibeba sufuria mbili, maana kama ni kusingiziwa, bora usingiziwe kwa haki. Tukapita mbele ya hema tukiomboleza kwa sauti za kuchekesha, kisha kila mmoja akalala juu ya kaburi la Mlumba. Walumba wakalala juu ya makaburi yetu, ila Bi Sikudhani, aliyeketi kando ya mwanawe. Mimi nikajinyoosha kando ya bakuli la Chausiku, nikalikumbatia ili lisianguke.

Akasimama Waziri wa Ardhi, Tija na Tabasamu, Mheshimiwa Daktari Eliakimu Nsolo. Alianza, kama kawaida yake, kwa kutukumbusha kwamba yeye ni mtoto wa mji mkuu, aliyezaliwa jirani kabisa na mnara wa saa. Kisha akasema:

"Ndugu wananchi, maiti ni mtaji uliolala. Serikali sikivu ya Heko haiwezi kuwaacha wafu nyuma wakati walio hai wamekwisha kufika. Wafu nao wana haki ya kufika. Tumewaandalia makaburi ya kisasa, ya ghorofa, yenye umeme na maji."

Bendi ikapiga. Mheshimiwa akampungia mkono dereva wa trekta. Dereva akawasha, akasogea kidogo, akazima. Akasema kwa unyenyekevu kwamba mbele yake pamelala watu. Waziri akamwelekeza kwamba wale si watu, ni vikwazo. Dereva akasema vikwazo vinampungia mkono, na kimoja ni mama mkwe wake.

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoinuka. Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alisimama tu pale pale kwenye kaburi la mwanawe, akauliza kama tunavyouliza miaka yote:

"Watani, mmeridhika?"

Kilima kizima kikajibu neno lile.

Sijui kama Afande amewahi kulisikia neno lililofungiwa muda mrefu likitoka kwa vinywa vya watu wengi pamoja. Hata waliolala kifudifudi walilisema, wakiuambia udongo. Bendi ilinyamaza. Kamanda akatazama karandinga lake, akatutazama sisi, na nikaona anapiga hesabu ya viti. Bi Sikudhani akauliza tena, tukajibu tena, na redio ya taifa ikalipeleka kwenye kila jiko la nchi hii, ambako naamini wali mwingi ulikuwa mbichi.

Waziri akanyakua kipaza sauti. Akasema huo ni ushirikina, ni ukabila, ni kurudisha nyuma taifa lililokwisha kufika. Akamwambia Bi Sikudhani kwamba yeye ni Waziri na si mtani wa mtu.

Bi Sikudhani akamtazama kwa muda. Akamtazama paji la uso, akamtazama masikio. Halafu akasema, bila kupaza sauti:

"Msenye akialikwa harusini hubeba sufuria, na akialikwa msibani hubeba mbili. Wewe mwenzao umekuja na trekta."

Watu wakacheka mpaka minyaa ikatikisika. Lakini mimi nilikuwa chini, karibu, nikamwona Mheshimiwa usoni. Niliyaona maneno yakipanda kutoka tumboni kama kwikwi. Alibana midomo. Alijaribu kuyameza. Hayakumezeka.

"Afadhali hilo trekta," akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kisenye safi cha nyumbani, "kuliko nyinyi mnaomlamba nzi ndipo mumwachie aruke."

Kisha sufuria zote zikapigwa kwa pamoja. Mji mkuu ukamtoka Waziri kama vumbi la safari, na mnara wake wa saa nao ukaenda.

Nilidhani Bi Sikudhani atamcheka. Hakumcheka. Alimwambia, "Karibu nyumbani, mtani. Bibi yako Nyanzala yuko pale penye jiwe jeupe. Siku tulipomzika ulikuwa kwenye semina."

Waziri akageuka kulitafuta jiwe jeupe. Lilikuwa mbele ya trekta, na juu yake alilala yule mama mkwe wa dereva, Mlumba, na sufuria ya kuazima kichwani. Waziri akauliza kwa sauti ndogo nani aliyelijaribu kaburi la bibi yake.

"Mimi," akasema Bi Sikudhani. "Nilisema lina baridi. Wakaniongezea majani makavu." Akainama, akalipangusa bakuli la buluu, akainuka. "Sasa na mimi nakuuliza la kwangu. Huyu hapa ni mwanangu. Mtani, umeridhika?"

Mheshimiwa Daktari Eliakimu Nsolo alitazama trekta, akatazama redio, akatazama bakuli. Midomo yake ilianza kutengeneza lile neno la kwenye mabasi, nililiona likianza. Likakwama. Akasema neno lile jingine. Alilisema chinichini, karibu kwa kujisemea, lakini kipaza sauti cha redio ya taifa ni kimoja kati ya vitu vichache vinavyofanya kazi sawasawa katika nchi yetu.

*

Kilichofuata kilikwenda kwa mujibu wa sheria. Waraka unasema wanaotamka neno lile wakamatwe kwa kufuata vyeo, na aliyekuwa na cheo kikubwa pale kilimani alijulikana. Dereva wa Waziri alichomoa bendera kwenye gari kabla bosi wake hajafika kwenye karandinga. Dereva wa trekta akagundua kwamba agizo lake limetolewa na mtu ambaye si waziri tena, akarudisha trekta nyuma kwa furaha, akakunja zulia njiani. Mimi nilikamatwa kwa sababu miguu yangu ilibaki nje ya kaburi la Chausiku, na Kamanda akajikwaa.

Hayo ndiyo maelezo yangu. Aliyelitamka neno ni Waziri. Aliyelitamka ni mimi. Waliolitamka ni Walumba na Wasenye wote wenye meno na wasio na meno, na kama waraka unaruhusu kuwashitaki wafu, basi na wao, maana walitufundisha.

Eliakimu yuko chumba cha pili, nasikia anakoroma Kisenye. Bi Sikudhani ametuletea vitumbua, vidogo kama kawaida ya Walumba, akatuambia habari za Mseto. Waziri mpya ameapishwa. Limeagizwa trekta jingine, kubwa zaidi, na Kamati ya Kidole imeitwa upya. Pale kilimani watu wanalala kwa zamu, mchana na usiku, na wanapopokezana huulizana lile swali letu na kujibu jibu letu. Watoto wameanza kulitumia darasani. Nimemuuliza nani sasa amelala juu ya Chausiku. Akasema ni Mtendaji wa kijiji, na ndoo yake ya gundi ameiacha nyumbani.

Afande amerudi. Amesoma yote, amekuna kichwa, na amesema nimekuwa mtu mwema sana kutoliandika neno lenyewe hata mara moja. Waraka unataka mtuhumiwa akiri kosa, aahidi kutorudi Mseto na aridhie makaburi yahamishwe. Kwa hiyo chini ya karatasi yangu ameongeza swali la mwisho, kwa mwandiko wake mzuri wa mjini: "Mtuhumiwa, umeridhika makaburi ya Mseto yafunguliwe?"

Maskini, hakujua anauliza nini, wala anamuuliza nani. Amenipa kalamu, nami ninajibu.

Bado.